Bata mzinga wa porini majira ya machipuko: wa Mashariki, Osceola, Rio Grande au Merriam?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wiki ya tatu ya Aprili, kusini mwa Missouri. Msitu bado mweusi. Umeegemeza mgongo kwenye mwaloni, bunduki iko magotini, baridi imeshapenya soksi. Bundi anaita bondeni. Kabla hajamaliza, dume wa bata mzinga aliyelala juu ya mti, mbali nawe kama urefu wa viwanja viwili vya mpira, anamjibu kwa mlio mzito unaobingirika kooni na kukatikakatika. Vinyweleo vinakusimama. Haya ni majira yangu ya tisa kuusikia mlio huo, na hakuna mwaka ambao mikono haikunitetemeka.

Nikiwasimulia ndugu na marafiki tunaozungumza nao Kiswahili huku Marekani, walioko Louisville, Fort Worth na Kansas City, swali hurudi lile lile: na mimi nianze na yupi, na wapi? Ni swali la haki. Likizo ni fupi, pesa ni ya kuhesabu, na bata mzinga wa porini si mmoja. Wote ni spishi moja, Meleagris gallopavo, lakini wanaowindwa sana Marekani wamegawanyika katika aina nne, na kila aina ina nchi yake na tabia zake: wa Mashariki, Osceola, Rio Grande na Merriam. Yuko wa tano, Gould, anayeishi hasa milima ya Sierra Madre ya Mexico na kuvuka kidogo hadi Arizona na New Mexico. Vibali vyake ni vichache mno, kwa hiyo sitamweka katika ulinganisho huu.

Vigezo nilivyotumia

Kigezo cha kwanza ni sauti, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote. Majira ya machipuko ni wakati wa kupandana. Alfajiri dume huita akiwa bado mtini alikolala, kisha hushuka chini, hutandaza mkia kama kipepeo cha kupepelea mkaa, na kuwangoja majike wamfuate. Ndiyo desturi yao: dume huita, jike huenda. Mwindaji anakuja kuipindua desturi hiyo. Anajifanya jike. Anaita kwa kisanduku cha mbao, kwa kigae kinachokwaruzwa na kijiti, au kwa utando mdogo unaokaa kwenye kaakaa, na kumtaka dume aondoke alipo aje kwake. Ni kama mgeni anayepiga hodi, kisha akamtaka mwenye nyumba atoke amfuate njiani. Msisimko wote umo humo. Atatoka au hatatoka? Kwa hiyo kwa kila aina nitaeleza anavyoita, anavyoitikia, na kama akishaitika anakuja kweli.

Cha pili ni ardhi na miguu yako. Kuna mahali pa kukaa saa nne bila kujikuna, na kuna mahali pa kupanda mlima na kuushuka mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Cha tatu ni njia ya kuingia: ardhi ni ya nani, kibali kinapatikanaje, mfuko unahitaji nini. Cha nne ni kalenda.

Uzito wa ndege sikuuweka. Dume aliyekomaa huwa na kilo nane hadi kumi hivi, na tofauti ya kilo moja kati ya aina na aina haijawahi kubadilisha asubuhi ya mtu.

Yasiyobadilika popote uendapo

Popote uendapo, anayewindwa majira haya ni dume. Jike wakati huo anatafuta pa kutagia au tayari anaatamia mayai kumi hadi kumi na mawili kwa muda wa siku 28 hivi, na ukimwua umeua kizazi kizima. Dume hutambulika kwa ndevu zinazoning'inia kifuani, manyoya magumu kama nywele za mkia wa farasi, na kwa kichwa kinachobadilika rangi kadiri anavyosisimka: chekundu, cheupe, buluu.

Rangi hizo tatu usizivae hata kwenye soksi wala leso. Mwindaji mwenzako akiona doa jekundu vichakani anaweza kudhani ni kichwa cha ndege. Kwa sababu hiyo hiyo usiunyemelee mlio, maana anayelia huenda ni mtu mwenye kisanduku kama chako. Keti chini ya mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mtu anakuja upande wako, usimpungie mkono. Sema naye kwa sauti ya kibinadamu, wazi na kwa nguvu, hata kama ndege ataruka. Nasisitiza hili kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

Bunduki ni ya marisawa, yaani vidonge vidogo vya risasi vinavyotawanyika, na shabaha ni kichwa na shingo, kwa masafa yasiyozidi meta 36 hivi kwa mtu wa kawaida. Macho ya ndege huyu ni makali ajabu. Pua yake haikutishi, lakini ukipepesa kidole atakiona. Vaa nguo za mabakamabaka kuanzia kofia hadi glovu, na ufunike uso.

Majimbo mengi yanadai kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya leseni. Aliyeingia nchini kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, asome sheria kwanza: sheria ya shirikisho humzuia kuwa na bunduki isipokuwa kwa masharti maalumu, na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani ni mojawapo ya mambo yanayoondoa kizuizi hicho. Mwenye ukaazi wa kudumu hana kizuizi hicho.

Bata mzinga wa Mashariki

*Sauti.* Huyu ndiye mwenye sauti nene kuliko wote. Siku isiyo na upepo utamsikia ng'ambo ya bonde zima, na ukiwa karibu utahisi mlio kifuani kabla ya masikio. Kumsikia si kazi. Kazi ni kumleta. Amewindwa kwa vizazi vingi na anajua kinachotokea kwa dume mwenye haraka.

Mwaka wangu wa tatu nilizungumza na mmoja tangu kupambazuka hadi saa mbili asubuhi. Niliita, aliitika. Nilinyamaza, aliniita yeye. Niliacha kuhesabu majibu yake yalipopita arobaini. Kati yetu kulikuwa na kijito ambacho mtoto wa darasa la pili angekiruka, naye alikwenda na kurudi ukingoni, mkia umetandazwa, bila kukivuka. Saa mbili jike wa kweli alitokea upande wake, wakaondoka pamoja. Nilibaki pale mguu umekufa ganzi na moyo unadunda kama niliyekimbizwa.

Aliyenifundisha uwindaji huu, mkulima mzee jirani yangu, aliniambia nisirudi nyumbani. Majike wengi, alisema, wakishakaa na dume asubuhi huenda kutaga, na kufikia saa nne au saa tano dume hujikuta peke yake. Nikahamia upande ule wa kijito, nikaketi. Saa tano kasoro niliita mara tatu tu, kwa sauti ndogo. Akaitika mara moja. Kisha kimya kirefu, na baada ya dakika kumi na tano kichwa cheupe kikachomoza nyuma ya gogo, hatua ishirini na tano. Tangu siku hiyo namwambia kila anayeanza: kwa huyu wa Mashariki, asubuhi haijaisha kwa sababu alfajiri imeshindikana.

*Ardhi na miguu.* Ni milima midogo na mabonde, misitu ya mialoni inayopakana na mashamba ya mahindi na soya. Kutembea ni kwa wastani, kukaa ni kwingi. Kupe ni wengi, kwa hiyo suruali iingizwe ndani ya soksi.

*Njia ya kuingia.* Hapa ndipo anapowashinda wengine kwa mtu wa kipato cha kawaida. Eneo lake ni kubwa kuliko la aina yoyote, kuanzia pwani ya Atlantiki hadi kingo za nyanda za kati, yaani huenda yuko saa moja kutoka mlangoni pako. Misitu ya umma ipo: Mark Twain, msitu wa taifa ulioko Missouri, una ekari kama milioni moja na nusu. Leseni ya mkazi wa jimbo ni nafuu mara nyingi kuliko ya mgeni. Na kwenye mashamba ya watu, hodi inafanya kazi. Nenda Februari, si usiku wa kuamkia msimu. Vaa vizuri, jitambulishe, uliza kama kuna uzio wa kutengeneza. Wenzetu wengi huogopa hatua hii kwa sababu ya lafudhi au rangi, na hofu hiyo si ya kubuni. Nenda na mtu anayefahamika pale kijijini ikiwezekana. Mimi ardhi yangu ya kwanza niliipata kupitia mtu tuliyesali naye kanisa moja.

*Kalenda.* Missouri hufungua Jumatatu ya tatu ya Aprili kwa siku 21. Mwindaji huruhusiwa madume wawili, ila wiki ya kwanza ni mmoja tu, na kwenye ardhi ya umma uwindaji hukoma saa saba mchana. Majimbo mengine yana kanuni zao, na kadhaa ya kusini yamechelewesha ufunguzi miaka ya karibuni kwa sababu idadi ya ndege imekuwa ikishuka. Mimi naunga mkono kuchelewesha huko, hata kama kunaninyima wiki moja ya raha. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hawa walikuwa wametoweka katika majimbo mengi kwa kuwindwa bila mipaka na kukatwa kwa misitu. Waliofugwa na kuachiliwa porini walishindwa kuishi. Kilichowarudisha ni kazi ya kuwakamata wa porini kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti na kuwahamishia kwingine. Peck Ranch, kusini mwa Missouri, ni moja ya mahali walikotolewa. Jimbo hilo lilifungua msimu wake wa kwanza wa kisasa mwaka 1960. Ukisikia mlio leo, kuna mtu aliyembeba babu yake yule ndege ndani ya sanduku.

*Anamfaa nani.* Anayeishi mashariki au katikati ya Marekani, asiye na pesa ya safari, mwenye subira ya kushindwa mara kadhaa. Atakufundisha zaidi ya wengine wote, na atakutoza kwa muda wako.

Osceola

*Sauti.* Huyu ni msiri. Mtini alfajiri huita, lakini akishashuka mara nyingi hunyamaza kabisa. Msisimko wake ni wa aina nyingine. Nilikwenda mara moja, kwenye shamba la ng'ombe katikati ya Florida, nikakaa mahali pamoja saa nne. Nilisikia milio miwili ya alfajiri, basi. Ilipokaribia saa tatu nikasikia kitu nilichodhani ni gari la mbali: mvumo wa chini, mfupi, unaokatika na kuanza tena. Ni sauti ambayo dume hutoa anapojitutumua, na huwezi kuisikia akiwa mbali. Nilipogeuza macho, bila kugeuza kichwa, alikuwa hatua ishirini kutoka kwangu, mweusi kama lami iliyolowa. Hakuna mlio ulionitangulizia habari. Ukipenda mazungumzo, hilo litakusikitisha. Ukipenda ukimya unaopasuka ghafla, hakuna anayemfikia.

*Ardhi na miguu.* Ni tambarare tupu, lakini usidhani tambarare ni raha. Kuna vinamasi vyenye miti ya saipresi ambako hulala juu ya maji, visiwa vya mialoni, na vichaka vya palmeto, mmea wa jamii ya mkindu unaotambaa chini na kukata suruali. Mbu hawana huruma. Nyoka wapo, mamba wapo. Mtu aliyekulia Rufiji atajiona nyumbani.

*Njia ya kuingia.* Ndiyo ngumu na ghali kuliko zote nne. Osceola haishi popote duniani isipokuwa rasi ya Florida, kwa hiyo kila anayemtaka huenda huko huko. Ardhi nyingi nzuri ni mashamba ya watu binafsi, na wenye mashamba au waongozaji hutoza maelfu ya dola kwa ndege mmoja. Yapo maeneo ya umma yanayosimamiwa na jimbo, lakini mengi yaliyo bora hutoa vibali kwa bahati nasibu inayoombewa miezi kadhaa kabla. Jaza maombi hata kama huna hakika ya kwenda.

*Kalenda.* Hapa Osceola ana zawadi yake. Kusini mwa barabara ya jimbo nambari 70, msimu hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, wakati wenzake wa kaskazini bado wamesimama kwenye theluji. Kaskazini mwa barabara hiyo hufuata wiki mbili baadaye.

Jina lake lina uzito. Mwaka 1890 alipewa jina la Osceola, kiongozi wa Waseminole, watu asilia wa Florida, aliyepigana na jeshi la Marekani katika miaka ya 1830 watu wake wasihamishwe kwa nguvu. Ndege aliyekwepa kuonekana alipewa jina la mtu aliyekataa kushikwa. Osceola mwenyewe alikamatwa akiwa chini ya bendera nyeupe ya mazungumzo.

*Anamfaa nani.* Mkazi wa Florida, bila shaka, kwa maana kwake gharama hupungua sana. Pia aliyekwisha kuwinda aina nyingine na sasa anataka kujaribiwa utulivu wake. Kama safari ya kwanza kabisa ya mtu aliyeweka akiba mwaka mzima, naona ni kuipa bahati nasibu mzigo mzito.

Rio Grande

*Sauti.* Mchangamfu! Mlio wake hauna unene wa ule wa Mashariki, lakini huita sana, na mara nyingi haiti peke yake. Hawa hulala kwa makundi kwenye miti mirefu ya kandokando ya mito, na alfajiri moja nzuri unaweza kusikia madume sita wakiitika kwa pamoja kila mlango wa gari unapobamizwa. Kwa anayeanza, hiyo ni darasa lisilo na mfano: unaita, unasikia jibu, unabadilisha sauti, unasikia jibu jingine. Vijana wao huja mbio, wawili watatu pamoja, shingo mbele.

*Ardhi na miguu.* Ni nchi wazi. Nyasi, madungusi, vichaka vya miiba, na mstari wa miti pale penye mto. Utamwona ndege akiwa mbali sana, jambo ambalo ni raha na adhabu pamoja, kwa maana naye anakuona. Wana miguu mirefu na hutembea kilomita kadhaa kwa siku, hivyo ukikosea njia yao utabaki unawatazama kwa darubini wakipotea. Wengi huketi ndani ya kihema kidogo cha kujifichia kwa kuwa miti ya kuegemea ni michache. Upepo wa Kansas hubeba sauti yako kuipeleka kusiko. Siku hiyo tumia kisanduku, kina nguvu kuliko kigae. Angalia unapokalia, kuna nyoka wenye njuga mkiani.

*Njia ya kuingia.* Texas ina Rio Grande wengi kuliko jimbo lolote, lakini zaidi ya asilimia 95 ya ardhi yake ni ya watu binafsi. Bila mwenyeji au ada ya siku, geti limefungwa. Kansas ina mpango mzuri ambao serikali ya jimbo hukodi mashamba ya watu na kuyafungua kwa wawindaji, na Oklahoma ina mpango unaofanana na huo. Kanuni za vibali kwa wageni katika majimbo ya nyanda hubadilika mara kwa mara siku hizi, kwa hiyo soma za mwaka huu, usisome za mwaka jana.

*Kalenda.* Kusini mwa Texas huanza katikati ya Machi. Kansas hufuata Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Mei.

*Anamfaa nani.* Anayetaka kusikia na kuona ndege wengi katika siku tatu. Pia mwenye mtoto au mwenye magoti mabovu, kwa sababu kihema kinaruhusu kiti na kujinyoosha.

Merriam

*Sauti.* Mlio wake ni mwembamba, kama wa Mashariki aliyesikika kupitia ukuta, na milimani humezwa na upepo wa misonobari. Lakini ana moyo mwepesi. Huitikia mara nyingi na huja, wakati mwingine kutoka ng'ambo ya bonde, akishuka na kupanda huku anaitika njia nzima. Kusikia jibu linakaribia kwa dakika ishirini, kila mara limesogea kidogo, ni msisimko unaochosha mwili mzima. Kisha atakapotokea juani utaona ncha nyeupe za mkia wake, nyeupe kama tui. Mimi sijaona ndege mzuri kuliko huyo, nakiri.

*Ardhi na miguu.* Hapa ni miguu kwanza. Ni milima na misonobari, na ndege hufuata mpaka wa theluji unavyopanda kadiri inavyoyeyuka. Leo wako hapa, kesho wako kilomita tano juu. Unatembea, unaita, unasikiliza, unatembea tena. Huko Black Hills, South Dakota, kilele cha juu kinapita meta 2,200, na Aprili unaweza kuamka hema limefunikwa na theluji. Mzaliwa wa Njombe ataijua baridi hiyo, ila si theluji.

*Njia ya kuingia.* Kwa mtu asiyejua mkulima hata mmoja, huyu ndiye rafiki. Msitu wa taifa wa Black Hills pekee una ekari milioni moja na zaidi zilizo wazi kwa umma. Unalipa leseni na kibali, unapiga hema, unawinda. Gharama kubwa ni mafuta ya gari au tiketi ya ndege.

Ukiwa huko ujue unakanyaga ardhi ya nani. Walakota, watu asilia wa eneo hilo, waliahidiwa milima hiyo kwa mkataba wa 1868, wakanyang'anywa mwaka 1877. Na bata mzinga wenyewe ni wahamiaji: waliletwa Black Hills kuanzia mwaka 1948 kutoka New Mexico na Colorado, wakastawi.

*Kalenda.* Ni Aprili hadi mwisho wa Mei katika maeneo mengi. Mei ni bora kwa anayechukia baridi, na pia barabara za msituni huwa zimekauka.

*Anamfaa nani.* Mwenye mapafu na miguu, anayependa kulala hemani, mwenye wiki nzima na asiye na pesa za mwongozaji.

Kwa hali yako

Unaishi Kentucky, Missouri, Pennsylvania au popote alipo wa Mashariki, na una Jumamosi nne tu za kuwinda: baki nyumbani. Pesa ambayo ungeichoma kwenye safari itumie kwa leseni ya mkazi na kisanduku kizuri cha kuitia. Anza Machi kwenda alfajiri bila bunduki, kusikiliza tu wanalala wapi.

Una wiki moja ya likizo, rafiki mmoja na gari linaloaminika, lakini hamjui mtu yeyote mwenye ardhi: nendeni kwa Merriam, wiki ya kwanza au ya pili ya Mei. Bebeni nguo za baridi hata kama mchana ni joto.

Uko Fort Worth au Dallas, na kazini kuna mtu ambaye shamba la familia yake liko magharibi ya jimbo: huyo rafiki ni wa thamani kuliko mwongozaji yeyote. Mwulize kwa adabu, jitolee kusaidia kazi za shamba wikiendi moja ya baridi, nenda kwa Rio Grande.

Unataka kuanza mapema kuliko watu wote, au umeshawapata wengine watatu na moyo hautulii: Osceola. Omba kibali cha umma kila mwaka huku ukiweka akiba taratibu, ili kimojawapo kikifika kabla ya kingine uwe tayari.

Wewe ni Mwislamu na nyama ndiyo hoja: aina hazitofautiani, maandalizi ndiyo muhimu. Wanazuoni wengi hufundisha kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, na ndege akikutwa bado hai achinjwe mara moja. Kisu kikali kiwe kiunoni, na lenye utata mwulize shehe wako kabla ya msimu. Kifua kikatwe vipande kikaangwe upesi. Mapaja yana mishipa migumu, yachemshwe saa tatu kwa moto mdogo kabla ya kutiwa nazi. Tafuna polepole, marisawa hujificha.

Una mtoto wa miaka kumi anayekuuliza kila siku lini mtaenda: majimbo mengi hutenga wikiendi ya vijana kabla ya ufunguzi wa kawaida, misitu ikiwa bado haijasumbuliwa. Chagua wa karibu, awe yeyote kati ya wanne. Mwache mtoto ndiye ashike kisanduku na kuita, hata akikosea. Wewe shika chupa ya chai.